Daftari la infirmie linaenda wapi?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa kambi,

Mara ya mwisho mlipompeleka mtoto kwenye kituo cha afya, infirmie alifanya mambo matatu. Alimtazama mtoto. Alitoa dawa au chanjo. Kisha akaandika katika daftari kubwa. Mambo mawili ya kwanza mnajua faida yake. La tatu linawachosha watu. Mstari ni mrefu, jua ni kali, mtoto analia, na yeye bado anaandika: jina, umri, kijiji, ugonjwa, dawa. Wengine wananung'unika: "Atutunze kwanza, aandike kesho!"

Leo tufuate daftari hilo. Linatembea mbali kuliko mnavyofikiri. Na kuna wakati daftari za jirani zetu wa Kasongo zilitembea hadi Kinshasa, hadi Ulaya, zikasaidia kubadili namna nchi nzima inavyotibiwa.

SIASA YA AFYA NI KITU GANI?

Neno siasa linawatisha watu. Hapa hatuongei juu ya vyama wala uchaguzi. Siasa ya afya ni uamuzi wa serikali juu ya maswali haya: nani atatibiwa, wapi, na mganga gani, na kwa pesa ya nani. Ukiwa na homa usiku wa manane, jibu la maswali hayo ndilo linaloamua kama utapata dawa karibu au utabebwa kwa baiskeli kilomita 40.

Wapo wanaoamua: Bunge linapiga kura sheria, waziri anatia sahihi. Wapo wanaoshauri: waganga, walimu wa vyuo vikuu, mashirika. Wapo wanaotekeleza: ofisi ya afya ya mkoa kule Kindu, mganga mkuu wa zoni, na mwisho kabisa infirmie wako. Anayeamua hajawahi kukuona. Anayetekeleza anakujua kwa jina, na labda anakudai. Kati yao kuna safari ndefu, na nusu ya safari hiyo ni potopoto.

Wengi wetu tunadhani mambo ya Leta hushuka tu kutoka juu, na kazi yetu ni kungoja chini. Sikilizeni basi habari ya Kasongo.

KASONGO, TANGU 1971

Katika miaka ile matunzo ya watu wa vijijini yalikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na hospitali mjini, na huko mwenye kichwa kuuma na mwenye mfupa uliovunjika walisimama mstari mmoja. Na kulikuwa na vikosi vilivyopita kijiji kwa kijiji, kila kikosi na ugonjwa wake. Kikipita cha malale, kinatafuta malale. Ukiwa na kifua kikuu siku hiyo, bahati yako mbaya.

Mwaka 1971 ilianza kazi ambayo waganga wa dunia wanaijua kwa jina la Mradi wa Kasongo. Walikuwemo waganga na mainfirmie wa Zaire, pamoja na waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji. Kutoka Antwerp waliofikiri zaidi juu ya mradi huu walikuwa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Kati ya waganga wa nchi hii yupo Pangu Kaza Asila, ambaye mwaka 1988 alitoa kitabu chake cha udaktari kilichotokana na kazi ya Kasongo.

Swali lao lilikuwa la watu wenye mfuko mtupu: waganga ni wachache, pesa ni kidogo, barabara ni mbaya, tupange kazi namna gani ili kila mtu afikiwe?

Jibu lao lilikuwa nyumba ya ghorofa mbili. Chini ni kituo cha afya, karibu na watu, chenye infirmie anayefanya yote: anatibu, anachanja, anatazama wenye mimba, anafuata wagonjwa wa kifua kikuu wasiache dawa katikati. Infirmie huyo hafanyi kwa kukisia. Anayo maandishi yanayomwongoza hatua kwa hatua: ukiona hivi, uliza hivi, akijibu hivi, toa dawa hii, au mtume hospitali. Juu ni hospitali, na kazi yake ni kupokea wale ambao kituo hakiwawezi. Mgonjwa anapanda na barua ya infirmie, na anarudi na barua ya mganga, ili infirmie ajue yaliyotendeka.

Leo hayo mnayaona kama mambo ya kawaida. Yalikuwa mapya. Hata ile desturi ya kulipa mara moja kwa ugonjwa mzima, badala ya kulipa kila sindano, ilikuwa kati ya mawazo yaliyojaribiwa huko. Sababu yake ni wazi: kama infirmie anaishi kwa kuuza sindano, atakudunga hata pale ambapo kidonge kingetosha. Na kama kila kurudi kuna malipo, mgonjwa harudi.

Watu wa Kasongo walihesabu pia. Walihesabu waliokuja, waliopona, waliokufa, na wale ambao hawakuja kabisa, ambao ni wagumu kuwahesabu kuliko wote. Daftari ndiyo ilikuwa silaha yao.

SWALI LA SURUA

Mnajua surua, ambayo wengine huiita surambi. Inakuja na homa, macho mekundu na vipele, kisha inamwachia mtoto kifua kibaya au kuhara, na hapo ndipo anapokufa. Kasongo walichanja watoto, kisha wakafuata maisha yao kwa miaka, wakiwalinganisha na watoto wasiochanjwa. Mwaka 1981 walitangaza matokeo katika The Lancet, gazeti kubwa la waganga linalochapwa Uingereza.

Matokeo hayo yaliwasumbua watu. Waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wengine, sawa. Lakini walipozidi kukua, tofauti ile ilionekana kupungua. Basi swali likazuka: je, chanjo inamwokoa mtoto, au inaahirisha tu kifo cha mtoto dhaifu ambaye kesho ataondoka kwa kuhara au kwa njaa?

Msifikiri hilo ni swali la watu wa vitabu tu. Waziri mwenye pesa ya kitu kimoja anataka kujua: anunue chanjo, au anunue chakula? Kazi ya mshauri ni kumwambia alichokiona, hata kama hakipendezi. Watu wa Kasongo walikuwa ndani ya kazi ya chanjo wenyewe. Wangeweza kulifunga daftari na kusema yote ni mazuri. Hawakufanya hivyo, na mimi nawaheshimu kwa sababu hiyo kuliko kwa nyingine yoyote.

Jibu lilikuja baada ya wengine kuhesabu pia. Huko Guinea-Bissau, Peter Aaby na wenzake walifuata watoto wengi tangu mwisho wa miaka ya 1970. Huko Matlab, Bangladesh, hesabu iliyotangazwa mwaka 1990 ilionyesha jambo lile lile: aliyechanjwa surua anaishi, na anaendelea kuishi. Chanjo haiahirishi tu kifo. Leo hakuna mshauri wa kweli anayemwambia waziri kuacha chanjo ya surua. Mashaka yale yalimalizwa kwa daftari nyingine, zilizoandikwa vizuri kama zile za Kasongo.

KUTOKA KASONGO HADI ZONI 519

Mwaka 1978 mataifa ya dunia yalikutana Alma-Ata, mji uliokuwa wakati ule katika Umoja wa Kisovieti, yakakubaliana kwamba matunzo ya kwanza lazima yawe karibu na watu. Mkutano peke yake haujengi kituo. Lakini Zaire ilikuwa na kitu mkononi: Kasongo, Bwamanda kule Equateur, Vanga kule Bandundu, na sehemu nyingine ambapo jambo lilikuwa limekwisha kujaribiwa kwa miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ikaamua kuigawa nchi nzima katika zoni za afya 306. Kila zoni ya vijijini ilipangiwa kama watu 100,000 au zaidi kidogo, hospitali moja ya kupokea wanaotumwa, na vituo vyake. Mwaka 2003 zoni zikawa 515, na siku hizi ni 519.

Maniema inazo 18. Kasongo ni moja, Kabambare ni moja, na yetu ni moja pia. Katika makaratasi ya wizara inaandikwa Saramabila, kwa r. Msishangae mkiiona.

Kuna jambo katika uamuzi ule linalotuhusu sisi watu wa madini zaidi ya wengine. Zamani hospitali ya kompani ilikuwa ya watu wenye matrikuli. Aliye ndani ya uzio anatibiwa. Mchimbaji wa mkono na watoto wake wako nje. Siasa ya zoni ilikataa hesabu ya namna hiyo. Haikuuliza hospitali ni ya nani: ya Leta, ya misheni, au ya kompani. Iliuliza iko katika zoni gani, na ni watu wangapi wanaoishi humo. Ndiyo maana sehemu nyingi za nchi hii hospitali ya misheni au ya kompani ndiyo imekuwa hospitali kuu ya zoni.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 bado inamwambia mwajiri amtunze mfanyakazi na jamaa yake wanapougua, na hilo ni deni lake. Lakini surua haisomi matrikuli. Mtoto wa kambi anacheza na mtoto wa kijiji kwenye maji yale yale. Kama wa kijiji hakuchanjwa, wa kambi ambaye kadi yake haikukamilika hana ukuta wa kumkinga.

KARATASI INAPOFIKA BILA PESA

Sasa tuseme ukweli. Siasa ilikuwa nzuri, na pesa haikufuata. Mishahara ya Leta ilikuwa kidogo, kisha ikawa karibu na bure. Mwaka 1990 ushirikiano kati ya Ubelgiji na Zaire ulikatika. Zikaja vita za 1996 na 1998. Katika miaka hiyo zoni nyingi ziliishi kwa pesa ya mgonjwa peke yake, na infirmie wengi walibaki kazini bila mtu wa kuwalipa. Nchi ingeweza kuanguka pasipo kubaki kituo hata kimoja. Vilibaki, kwa sababu kazi ilikuwa imepangwa chini kabisa, ikaweza kutembea hata pale kichwa kilipokuwa hakipo.

Lakini mmeona pia bei yake. Kati ya 2018 na 2020 surua iliingia katika nchi yote. Walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 380,000, na waliokufa walipita 7,000, wengi wao watoto wasiofika miaka mitano. Chanjo ilikuwapo duniani, sheria ilikuwapo Kinshasa, zoni zilikuwapo kwenye ramani. Kilichokosekana ni friji yenye baridi, pikipiki yenye mafuta, na kadi iliyojazwa.

MKONO WAKO UNAINGIA WAPI?

Kila kituo cha afya kinapaswa kuwa na komite ya watu wa sehemu yake, wanayoiita CODESA. Ndani wamo infirmie na watu waliochaguliwa na wenzao. Huko ndiko kunakoulizwa dawa zimefika ngapi, pesa ya wagonjwa imetumika namna gani, ni vijiji gani havikuchanjwa. Wanaume wa mgodi hawaonekani sana huko. Wanasema ni mambo ya wanawake. Basi wakiona bei imepanda wanalalamika kwenye kinywaji, ambapo hakuna anayeandika.

Sheria ya Madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inafungua mlango mwingine. Inaagiza asilimia 15 ya kodi ya madini iende kwa sekta au mji ambamo mgodi uko, na kompani inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoizunguka. Mipango ya pesa hiyo inajadiliwa na wenyeji. Komite yenye hesabu mkononi, iseme watoto wangapi, friji ngapi mbovu, wanawake wangapi walijifungulia njiani, inasikilizwa kuliko mzee anayepiga meza.

Na daftari la kazini? Ni njia ile ile. Sheria ya Kazi inataka pawe na komite ya usalama kazini, na Baraza la Taifa la Kazi, ambamo wamo serikali, waajiri na wafanyakazi, ndilo linaloshauri juu ya sheria hizo. Inspekta wa kazi anasoma kilichoandikwa. Jiwe lililoanguka karibu na mguu wako jana, ukanyamaza kwa sababu halikukugusa, kwa inspekta halijaanguka. Mwenzako akipondwa mahali pale pale mwezi ujao, karatasi zitasema ni mara ya kwanza.

Kwa hiyo mama, mara ijayo infirmie akikuuliza umri wa mtoto, usikisie. Toa kadi. Chanjo ya kwanza ya surua ni pale mtoto anapotimiza miezi 9. Kama kadi ilipotea, mwambie wazi, atatafuta jina katika daftari lake la zamani. Na kama mlihama toka Kabambare, toka Kasongo au toka kwenye machimbo, mwambie pia mlitoka wapi, kwa sababu huko nyuma kuna infirmie mwingine ambaye bado anamhesabu mtoto wako kati ya wale ambao hawakuja.