Dalili ya Mvua ni Mawingu: Mesoni za Skala katika Kuvunjika kwa Chembe za Chamu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii inaafiki hali ya mwanafizikia anayesaka chembe ambayo hakuna chombo kiwezacho kuiona. Makala haya yanafafanua jinsi chembe za chamu zilivyosaidia kuthibitisha kuwapo kwa sigma, mesoni iliyofutwa katika orodha rasmi ya chembe katikati ya miaka ya 1970 na kurejeshwa mwaka wa 1996.

Sigma ni Nini?

Mesoni aghalabu huelezwa kuwa chembe iliyoundwa kwa kwaki moja na kinyume cha kwaki. Mesoni za skala ni zile ambazo mzunguko wake wa ndani ni sifuri na ambazo hazigeuki zinapotazamwa kana kwamba ziko kiooni. Sigma ni mojawapo. Huvunjika upesi mno hivi kwamba haiachi njia yoyote katika mitambo; huacha pioni mbili tu, yaani mesoni nyepesi kuliko zote. Kwa hivyo, wapo waliodai kuwa sigma haipo.

Ushahidi wa Pioni Tatu

Mesoni ya D yenye chaji chanya hubeba kwaki ya chamu. Uzito wake unakaribia ule wa protoni mbili, na huishi takriban sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Mara nyingine huvunjika kuwa pioni tatu. Je, pioni hizo hutoka kwa pamoja, au mbili kati yake huwa kwanza kitu kimoja?

Jibu husomwa katika mchoro uliobuniwa mwaka wa 1953 na Richard Dalitz, mzaliwa wa Australia. Kila tukio huwekwa kama nukta kulingana na nishati ya kila jozi ya pioni. Pasipo chembe ya kati, nukta hutawanyika sawasawa. Ikiwapo, hurundikana katika ukanda. Ukanda wa mesoni ya rho, yenye mzunguko wa 1, hupungukiwa na nukta katikati. Ule wa skala hauna pengo hilo. Ugumu ni kwamba kanda hizi huingiliana kama mawimbi, na ukanda wa sigma ni mpana mno.

Mwaka wa 2001, kundi la E791 la maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, lilichapisha uchanganuzi wa matukio yapatayo 1,170. Chembe zilizojulikana hazikutosha kuueleza mchoro. Ilipoongezwa skala yenye uzito wa elektronivolti milioni 478, mchoro ulieleweka, na takriban asilimia 46 ya matukio yalihusishwa nayo. Wakosoaji walisema kuwa kanuni iliyotumika haikufaa chembe pana kiasi hicho. Kundi la LHCb la CERN lilichanganua zaidi ya matukio 600,000 yaliyokusanywa mwaka wa 2012, likaipima sehemu ya skala hatua kwa hatua bila kuikadiria umbo mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2023 yalionyesha kuwa sehemu hiyo ndiyo inayotawala.

Hitimisho

Leo kuwapo kwa sigma hakubishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni muundo wake: je, ni kwaki mbili, nne, au ni pioni mbili zilizoshikana kwa muda? Mawingu yamekwisha kusomwa. Aina ya mvua ndiyo ingali swali.