Chanuo Kabla ya Ufagio

Nyumba yenye mbwa wa manyoya mengi hujitambulisha kabla mbwa mwenyewe hajabweka. Sakafu imepigwa deki asubuhi, na saa nne haijafika vibonge vya manyoya vimeshajikusanya nyuma ya mlango na chini ya meza, vyepesi kama sufi iliyotoka kwenye tunda lililopasuka, vikikimbia kila ufagio unapovikaribia. Suruali nyeusi ya kuendea kazini haivaliki bila kukung'utwa, na kitambaa cha kochi kimeanza kufanana rangi na mbwa. Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuongeza nguvu palepale sakafuni: kufagia mara mbili zaidi, kununua mashine ya kuvuta vumbi, au kumfukuza mbwa sebuleni kwa makelele. Hoja ya makala haya ni kwamba vita hivyo vinaanza kwa kuchelewa. Manyoya yatatoka, mwenye mbwa apende asipende. Kilicho mikononi mwake ni kuamua yatokee wapi: kwenye meno ya chanuo, au juu ya kochi.

Kila unyoya una umri wake. Huota, hukua, hutulia ngozini kwa muda, kisha hung'oka na kuupisha mwingine. Urefu wa kila hatua hutofautiana baina ya mbwa na mbwa. Manyoya ya Poodle hutumia sehemu kubwa ya maisha yake yakikua, kama nywele za binadamu, ndiyo maana yasiponyolewa hurefuka na kusokotana. Kwa German Shepherd au Labrador mambo ni kinyume: wakati wowote utakaomtazama, manyoya yake mengi yameshamaliza kukua na yanasubiri kusukumwa. Tena tundu moja la ngozi ya mbwa hutoa unyoya mgumu wa nje pamoja na mengine kadhaa laini ya ndani. Ya nje hukinga mvua na jua. Ya ndani, mafupi na yenye mawimbi, hushika hewa na kutunza joto, na hayo ndiyo yanayojaa nyumbani. Jambo la kuangalia ni kwamba unyoya uliong'oka hauanguki papo hapo. Hunaswa katikati ya wenzake, ukakaa humo mpaka mbwa ajikung'ute, ajikune, au ajibwage kwenye zulia. Kati ya kung'oka na kuanguka kuna nafasi, na anayeitumia nafasi hiyo ameokoa kazi kubwa ya baadaye.

Kwa nini basi Nairobi, Arusha au Dar es Salaam tatizo hili huonekana halina mwisho? Sehemu ya jibu iko kwenye mwanga wa jua. German Shepherd ni mbwa wa Ujerumani. Mwaka 1899 Max von Stephanitz alishiriki kuanzisha chama cha wafugaji wake, akilenga mbwa wa kuchunga kondoo kwenye baridi na mvua. Mwili wa mbwa wa namna hiyo husoma urefu wa mchana. Berlin, mchana wa Desemba una urefu wa takriban saa 8, na wa Juni unakaribia saa 17. Badiliko hilo ndilo linaloamuru koti zito livuliwe na jepesi lishike nafasi. Mfugaji wa huko hupata wiki kadhaa ngumu majira ya kuchipua na nyingine wakati wa vuli ya Ulaya, kisha hupumua. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa wa mwaka na mfupi kabisa haifiki hata saa moja; Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, ni dakika chache tu. Mwili haupati ishara iliyo wazi, taa za sebuleni nazo zinazidi kuuchanganya, na kunyonyoka kunasambaa mwaka mzima. Kwa hiyo ushauri wa Kizungu wa kumchana mbwa kwa bidii katika misimu miwili hautufai sana. Huku panahitajika utaratibu mdogo usiokatika.

Utaratibu wenyewe ni dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki, nje ya nyumba, upande ambao upepo hauelekei kwenye kamba ya nguo. Mbwa mwenye koti la tabaka mbili anahitaji chanuo la chuma lenye meno marefu yanayofika kwenye ngozi, na brashi ya vijiwaya ya kumalizia. Kwa mbwa wa manyoya mafupi, wakiwemo wengi wa kienyeji, glavu ya mpira yenye vinundu inatosha. Kosa la kawaida ni kupitisha brashi juu juu kama mtu anayepiga pasi: mgongo unang'aa, na chini yake manyoya mafu yamebaki vilevile. Weka kiganja cha mkono mmoja ubavuni, yasukume manyoya yasimame mpaka mstari wa ngozi uonekane, kisha chana kuanzia kwenye mstari huo kuelekea yanakolala. Sogeza kiganja sentimita mbili tatu, urudie. Nyuma ya mapaja, shingoni chini ya mkanda na nyuma ya masikio ndiko kunakoficha mengi. Chanuo likikwama usivute. Lishike fundo karibu na ngozi ili maumivu yasifike, ulifumue kwa vidole kuanzia nchani. Siku za mwanzo yatatoka mafungu ya kutisha, hata mtu adhani mbwa atabaki uchi. Baada ya wiki chache kiasi hupungua, na kila kinachobaki kwenye chanuo ni kile ambacho hakitaelea kwenye mchuzi.

Chanuo lina wasaidizi wawili, maji na chakula, na wote wawili hutumiwa vibaya. Kuoga hulegeza manyoya mafu, kwa hiyo mbwa achanwe kabla ya kuogeshwa na tena akishakauka. Lakini ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu na haina tindikali kama yetu. Sabuni ya unga, ya mche au ya kuoshea vyombo huondoa mafuta yanayoilinda; ngozi ikikauka huwasha, na mbwa anayejikuna kutwa humwaga manyoya kuliko ambaye hakuogeshwa kabisa. Shampuu ya mbwa, mara moja kwa mwezi au hata kwa miezi miwili, inatosha. Kibaya zaidi ni dawa ya kuogeshea ng'ombe inayochanganywa kwa kukisia ili kuua kupe. Kipimo chake hakikupangwa kwa mbwa, na ikizidi ni sumu. Kuhusu chakula, unyoya karibu wote umejengwa kwa protini. Mbwa anayelishwa ugali na maji ya mifupa hana malighafi ya koti, na zaidi ya hapo nafaka zina kiambato kinachozuia madini ya zinki yasifyonzwe, upungufu ambao hujitokeza kwenye ngozi kwa magamba na vipara. Si lazima kukimbilia chakula cha dukani cha bei kubwa. Dagaa, wanaoitwa omena upande wa Kenya, wakichemshwa bila chumvi na kuchanganywa na ugali uleule, huongeza protini pamoja na mafuta yanayofaa ngozi. Mtu asitarajie muujiza: lishe nzuri huondoa kunyonyoka kunakoletwa na utapiamlo, na mzunguko wa kawaida unabaki palepale.

Wapo watakaouliza: kwa nini kuhangaika, si anyolewe tu, kwa joto hili la pwani si atashukuru? Hoja hii huvutia kwa sababu tunampima mbwa kwa mwili wetu. Binadamu hupoa kwa jasho la ngozi nzima. Mbwa hutoa jasho kidogo kwenye nyayo, na kazi kubwa ya kujipoza huifanya kwa kuhema ulimi nje. Koti lililochanwa hupitisha hewa na kukinga jua la saa sita, ilhali ngozi iliyonyolewa, hasa ya mbwa mweupe, huweza kuungua. Wala kunyoa hakukomeshi kunyonyoka. Mzizi unaendelea na ratiba yake. Tofauti ni kwamba sasa vinaanguka vipande vifupi vigumu, vinavyojichomeka kwenye kitambaa cha kochi kama sindano na kukataa kutoka. Kuna pia mbwa wa koti la tabaka mbili ambao wakishanyolewa manyoya hurudi kwa mabaka, au hukawia miezi mingi. Mashine ya kunyolea ina mahali pake: kwa Poodle na wenzake ambao manyoya hayaachi kurefuka, au pale daktari anapotaka kutibu kidonda.

Wengine hutaka kulikwepa tatizo tangu siku ya kununua, wakitafuta mbwa asiyenyonyoka. Mbwa wanaonyonyoka kidogo wapo kweli. Basenji, mbwa mdogo wa misitu ya Kongo anayejulikana kwa kutobweka, ana manyoya mafupi na hujisafisha kwa kujilamba kama paka. Poodle naye haachi mengi sakafuni, ila hulipiwa kinyozi kila baada ya wiki chache, kwa hiyo gharama imehama tu. Ahadi inayopaswa kutiliwa shaka ni ile ya kwamba mbwa wa namna hii hawaleti mzio. Kinachomfanya mtu apige chafya na kutokwa machozi ni protini zilizomo kwenye mate, mba na mkojo wa mbwa. Unyoya huzibeba tu. Watafiti wa Detroit, Marekani, walipopima vumbi la nyumba zenye mbwa mwaka 2011, hawakukuta tofauti ya maana kati ya nyumba za mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti mzio na za mbwa wengine. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 nao haukuwapa mbwa hao ushahidi wa kuwatetea. Mwenye pumu nyumbani atanufaika zaidi na mbwa asiyeingia chumbani kuliko na jina la aina yake.

Pingamizi zito kuliko yote huku kwetu linahusu mahali pa mbwa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mbwa ni najisi, na alipogusa kwa unyevunyevu huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Wamaliki wana msimamo mwingine, lakini jirani wa Tanga au Lamu hatahama madhehebu kwa sababu ya mbwa wa mtu. Kwa familia kama hiyo, na kwa wengine wasio Waislamu walioona tangu utotoni kuwa mbwa ni wa uani, jibu ni moja: akae nje. Ni msimamo wenye heshima yake, na anayefuga hana haki ya kuubeza. Hata hivyo hauondoi haja ya chanuo. Mbwa wa ulinzi anayefunguliwa usiku huacha manyoya uwanja mzima, upepo wa kusi huyavusha ukuta, na yakitua kwenye nguo mbichi zilizoanikwa yanamtia mtu wasiwasi na swala yake. Kumchana kwenye kona yenye kinga, kuyakusanya manyoya kwenye mfuko na kuufunga kabla ya kuutupa ni sehemu ya ujirani mwema. Zaidi ya hayo, mbwa wa nje ndiye anayepitisha miezi bila kuguswa. Manyoya yake mafu yakilowa mvua ya masika hugandamana, yakawa maficho ya kupe na chanzo cha vidonda.

Hapo ndipo chanuo linapotoa kitu ambacho ufagio hauna, nacho ni taarifa. Kunyonyoka kwa kawaida huenea mwili mzima, ngozi iliyo chini ni safi, na mbwa hajikuni kupita kiasi. Ukiona kipara chenye umbo la duara, wekundu, magamba, harufu mbaya, au vipunje vyeusi ambavyo vikiwekwa kwenye karatasi mbichi huacha doa jekundu, hayo ni mambo ya daktari wa mifugo. Vipunje hivyo ni kinyesi cha viroboto. Kipara cha duara huenda ni mashilingi, na muwasho mkali kwenye ncha za masikio na viwiko huenda ni upele, maradhi mawili yanayoweza kuhamia kwa watoto wanaocheza na mbwa. Anayefagia huyakusanya manyoya ya mgonjwa na ya mzima kwa pamoja bila kujua tofauti.

Sakafu bado itafagiliwa, hilo halikwepeki, ila kuna kufagia kwa akili. Ufagio wa chelewa hurusha manyoya hewani yakatua tena nyuma ya mfagiaji. Dekio lenye unyevu huyakamata. Glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo na kuburutwa upande mmoja juu ya kochi huyakunja yakawa kamba. Kanga kuukuu ikitandikwa mahali mbwa alipozoea kulala huyapokea mengi, mradi ikung'utwe nje kabla ya kutiwa kwenye beseni, kwani yakishalowa hung'ang'ania nguo nyingine na kuziba bomba la maji machafu. Kwa anayesema hana muda, hesabu ni ya dakika 30 hadi 45 kwa wiki, na nyumba isiyotumia dakika hizo huzilipa kwa kufagia kila siku. Mara nyingi mlipaji ni mtu mwingine. Baba au watoto ndio waliomtaka mbwa; anayeinama chini ya meza kila asubuhi ni mama au dada wa kazi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hapa wa kwao wanaachiwa sahani nzima. Ufagio ni rahisi kumkabidhi mtu. Chanuo humtaka mtu ambaye mbwa atatulia mikononi mwake, naye kwa kawaida ni yuleyule aliyemleta nyumbani.