Mgane, Mjane na Dumu la Maji

Chukua mgane wa miaka 78 anayeishi peke yake Busitema, upande wa Uganda wa mpaka wa Busia. Alfajiri yuko shambani, anapalilia mihogo hadi jua liwake. Adhuhuri ameketi chini ya mwembe akingoja mkaza mwana alete sahani. Jirani yake mjane anajipikia, anafagia uwanja na kufua mwenyewe. Kinachomshinda ni dumu la lita 20. Nani anajitegemea?

Mwaka 1969 watafiti wa Marekani, M. Powell Lawton na Elaine Brody, walitunga kipimo cha kujitegemea chenye mambo 8: simu, ununuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo, ila kilizaliwa na kilema. Mwanamke alihesabiwa alama 8, mwanamume 5. Kupika, usafi na kufua havikumhusu. Mzee asiyejua kusonga ugali angepasi vizuri tu, huku akilala njaa siku mkaza mwana akisafiri.

Mwili nao hautendi sawa. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa ya mwanamke hudhoofika upesi kuliko ya mwanamume. Mtazame bibi akiinuka mkekani: kiganja chini, goti moja, kisha mkono unapapasa ukuta. Mapaja ndiyo yanayomnyanyua, na mapaja hujengeka hata uzeeni. Kuketi kitini na kusimama bila kujishika, mara kadhaa kila siku, humpunguzia hatari ya kuanguka. Dumu la lita 5 likibebwa mara nne huleta maji yale yale, na mgongo unasalimika. Na mgane? Dawa yake ni kujifunza jiko mapema, wakati mikono bado ina nguvu. Wanaume watacheka, lakini ndiyo hiyo.

Inabaki fedha, ambayo humwezesha mzee kumlipa kijana wa maji bila kumbembeleza mtu. Hapo mpaka wa Uganda na Kenya unaamua mengi. Ng'ambo ya Busia, Inua Jamii ya Kenya huanzia miaka 70, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi. Ruzuku ya wazee ya Uganda, SAGE, ilipoenezwa nchi nzima iliwekewa umri wa miaka 80, shilingi 25,000 za Uganda kwa mwezi. Wanaofika umri huo wengi ni wanawake. Kwa kigezo hicho, mgane wa Busitema angebaki na miaka miwili ya kungoja.