Kuhama Kolwezi na deni mgongoni: nani atabaki kujibu ku mlango?

Swali hili linaingia mu nyumba nyingi za Lubumbashi usiku, watoto wakiisha kulala. Baba amepigiwa simu na rafiki yake wa zamani: ku Kolwezi kampuni moja inatafuta watu wa kuendesha mashini kubwa, na mushahara unapita ule wa hapa. Mama anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anauliza: «Sawa. Na madeni, utaachia nani?»

Tunajua nyumba ambamo mazungumzo yaliishia hapo, baba akageukia ukuta. Tunajua zingine ambamo baba aliondoka na bisi ya asubuhi bila kuaga mtu, na saa ine benye deni walikuwa wamekaa tayari mbele ya mlango. Mama njo alijibu. Alijibu siku ile, na wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata.

Ndiyo maana tunataka kuongea juu ya jambo hili wazi, hesabu mkononi. Kuhama si kosa. Kuwa na deni pia si kosa. Mu mji wa migodi karibu kila nyumba imelijua. Kinachoharibu jamaa ni kuhama bila kuuliza deni litabaki ku mabega ya nani.

Kazi imesogea

Zamani kuhama ilikuwa mzigo wa kampuni. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuleta wafanyakazi pamoja na bibi zao, ikawapa nyumba ku kambi, posho na hospitali. Gécamines, iliyotoka mu migodi ile kisha serikali kuitaifisha 1967, ilifuata njia hiyo hiyo. Mfanyakazi aliyetumwa Likasi, Kipushi ao Kolwezi alitoka nyumba ya kampuni, akaingia nyumba ya kampuni. Wazee walisema kampuni njo baba, njo mama. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Université de Lubumbashi, alikipa kitabu chake cha 2001 jina lenye kusema kwamba watoto wa Shaba wameachwa na baba yao.

Leo baba huyo hayuko. Tangu 2015, Katanga ya zamani iligawanywa mu majimbo mane, na migodi mingi mikubwa ikabaki upande wa Lualaba: Kamoto, Mutanda, Tenke-Fungurume, na Kamoa-Kakula iliyoanza kutoa shaba 2021. Lubumbashi ni mji wetu, lakini kazi nyingi ziko karibu kilomita 300 kutoka hapa, ku mwisho wa barabara ya Likasi. Mtu hawezi kwenda asubuhi na kurudi jioni. Anapaswa kuhama, na mara nyingi anahama na makuta yake mwenyewe, ao na makuta ya kukopa.

Kila deni na mwenyewe

Madeni yote si ndugu. Kabla ya kuamua, kaeni wawili, mchukue karatasi, muandike kila deni na jina la mwenyewe.

Deni la banki. Banki ilikupa makuta kwa sababu mushahara wako unapita kwake. Haiulizi unalala mu mji gani; inauliza mushahara unapita wapi. Ukiacha kazi, mara nyingi kontra yake inairuhusu kukata ku hesabu yako ya mwisho. Kwa sheria ya kazi, kampuni inapaswa kukulipa hesabu hiyo ndani ya siku mbili za kazi kisha mwisho wa kontra. Wengine wanaitegemea kwa safari, kumbe imekwisha kuliwa. Basi, ende ku banki mbele ya kuandika barua ya kuacha kazi, na kontra mpya mkononi, uombe wapange upya malipo ya kila mwezi.

Deni la Banque Lambert. Hili halingoji mtu. Ukikopa dola 200 kwa kurudisha 300 mwisho wa mwezi, na ukakosa, 300 inakuwa 450, mwezi wa tatu 675. Hakuna nyongeza ya mushahara inayoweza kukimbia mbio hizo. Tena mkopeshaji ameshika karti yako ya banki, ao makaratasi ya parseli. Mwenye deni la namna hii asihame kwanza. Auze kitu, aombe jamaa, alifunge, ndipo aongee juu ya Kolwezi.

Deni la likelemba. Makuta yake ni kidogo, lakini uzito wake ni mkubwa kupita yote. Kama umekwisha kupokea zamu yako, unadaiwa na bamama kumi, si na mtu mmoja. Ukiondoka bila kumaliza, bibi yako hataingia tena mu likelemba yoyote ya mtaa. Hapa dawa iko nyepesi: kutuma kwa simu kila mwezi, siku ileile, kutoka popote ulipo.

Deni la duka na la jirani. Haya yanaandikwa mu kaye, ao mu kichwa tu. Hayana faida ya kila mwezi, lakini njo yanapika chakula siku mushahara umechelewa. Ukiyatupa, umefunga duka kwa watoto wako.

Na mwisho, angalieni nani alikutilia mkono. Kama kaka yako ao mwenzako wa kazi alikuwekea sinyatiri, deni lako ni lake siku unapopotea. Yeye njo wa kwanza kujua kwamba unahama, mbele hata ya rafiki aliyekupigia simu.

Hesabu ya sufuria mbili

Tuseme baba anapata dola 400 hapa, na Kolwezi wanamuahidi 650. Deni lote ni 1.200: banki 700, likelemba 200, jirani 200, duka 100. Hapa anaweza kutoa 40 kwa mwezi, kwa hiyo atamaliza kisha miezi 30. Nyongeza ya 250 inaonekana kama mlango wa mbinguni. Tuifungue, kila mtu aweke namba zake mahali pa zetu.

Akienda peke yake na kupanga nyumba yake ya dola 120, chakula 100, bisi ya kurudi kuona watoto 30, jumla ni 250. Nyongeza yote imekwisha, kwa sababu sasa kuna sufuria mbili ku moto. Tena mwenye nyumba anataka garanti. Sheria ya mwisho wa 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kulala isipite miezi mitatu, lakini hata hiyo mitatu ni dola 360. Ameenda kupunguza deni, ameliongeza.

Akienda peke yake na kulala na mwenzake ao na ndugu, akatoa 50 kwa nyumba, 80 kwa chakula, 30 kwa bisi, anabaki na 90. Akiacha nyumbani ileile 400 ya zamani, na akitia 90 yote ku deni bila kugusa, amelimaliza kisha miezi kama 14, faida ya banki tusipoihesabu. Na kama ile 40 ya nyumbani inaendelea, ni mbele ya mwaka.

Jamaa yote ikihama, hesabu inageuka. Nyumba ya Lubumbashi ya dola 80 inaachwa, na garanti yake ya 240 inarudi. Hiyo ni feza yenu, muiombe mapema, kwa sababu mwenye nyumba mara nyingi amekwisha kuila. Nyumba ya Kolwezi ya 150 inaomba garanti ya 450. Pungufu ni 210, na kamioni ya vitu tuseme 150. Deni linapanda mpaka 1.560. Kodi imeongezeka 70, chakula tuseme 60; ku nyongeza kunabaki 120 kwa mwezi. Ni miezi 13.

Angalia vizuri: kulala na mwenzake na kuhamisha jamaa yote karibu zinakutana ku mwisho. Tofauti ni hii: njia ya kwanza ikivunjika, baba anarudi na begi moja. Ya pili ikivunjika, watoto wako mu mji wasiojua, masomo yamekatika, na deni limekua. Lakini ya kwanza nayo ina bei isiyoandikwa ku karatasi: miezi 14 watoto wanamuona baba mara moja moja, na mama anazibeba peke yake zamu zote za nyumba.

Nani anakuhamisha?

Swali lingine linabadilisha kila kitu. Kama ni kampuni yako inakutuma Kolwezi, ao inakuandika hapa kwa kazi ya kule, sheria ya kazi inataka ikupe nyumba nzuri, wewe na jamaa, ao feza ya nyumba. Garanti basi si mzigo wako. Usikubali neno la mdomo. Omba iandikwe mu barua. Kama unaenda kujitafutia, kila kitu ni juu yako.

Soma tena kontra mpya. Muda wa kujaribiwa unaweza kufika mwezi mmoja kwa kazi isiyo na ufundi, na mpaka miezi sita kwa wengine. Ndani ya muda huo kampuni inaweza kukuacha kwa urahisi. Mtu mwenye deni asihamishe jamaa mbele muda huo kuisha. Na kama kontra ina tarehe ya mwisho, sheria inasema isipite miaka miwili; lakini kwa mtu mwenye ndoa anayetengwa na jamaa yake, isipite mwaka mmoja. Walioandika sheria walijua kwamba kutengana kunachosha nyumba.

Migodi nayo inasimama. Mutanda ilifunga kazi mwisho wa 2019, ikakaa karibu miaka miwili. Mu mwezi wa pili wa 2025, serikali ilisimamisha kuuzwa kwa kobalti inje, na mlango ulifunguliwa tena mu mwezi wa kumi tu, kwa kipimo. Kontra ndogo ndogo za kampuni zinazofanya kazi chini ya zile kubwa njo zinakatwa mbele. Uliza: kama mushahara ukisimama miezi mitatu, deni litafika wapi?

Tena si kila kazi iko mbali. Mgodi wa Kipushi, uliosimama tangu 1993, ulianza tena kutoa zinki 2024, na Kipushi ni karibu kilomita 30 kutoka hapa. Kazi ya mushahara mdogo kidogo, lakini yenye kulala nyumbani, inaweza kulipa deni haraka kupita ile ya mbali. Sufuria inabaki moja.

Tusisahau 2003

Wengi wetu tunakumbuka mwaka ule. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450.000 za shaba mu 1986, ilikuwa imeshuka chini ya 20.000. Mishahara ilikuwa haijalipwa kwa muda mrefu sana. Watu waliishi na deni: deni la unga, la shule, la dawa. Halafu, kwa msaada wa Banki ya Dunia, wafanyakazi 10.655 walipewa makuta ya mara moja ili waache kazi. Waliita jambo hilo «départ volontaire». Kwa miaka mingi wengi wao wamelalamika kwamba hesabu haikufanywa sawa.

Tunalitaja kwa sababu moja. Mu mikono ya wengi, makuta yale yalionekana mengi siku ya kwanza. Benye deni walikuwa wanajua tarehe. Kilichobaki kiliingia mu shule, mu biashara ndogo, mu matanga. Hakukuwa mushahara wa kufuata nyuma yake. Wazazi wetu walitufundisha hapo: deni halilipwi na makuta ya siku moja, linalipwa na mushahara unaorudi kila mwezi. Ukihama, uhame kufuata mushahara, si kufuata ahadi.

Kabla ya bisi

Hatumuambii mtu ende, wala abaki. Kuna nyumba ambazo Kolwezi imeziinua. Lakini zile tunazozijua zilizopona zilifanya jambo moja lenye kufanana: baba na mama walizunguka pamoja kwa kila mwenye deni, mbele ya safari. Walisema: «Ninaenda kazi ku Kolwezi. Deni yako iko. Kila tarehe tano nitatuma hii. Nambari yangu ya simu haitabadilika.»

Ni vigumu kusema maneno hayo mtu akikuangalia machoni. Wengine watapiga makelele. Mmoja anaweza kukataa na kutaka yote leo. Heri makelele hayo yakupate wewe, mbele ya safari, kuliko yampate mama peke yake ukiisha kwenda. Kisha utume ile ya kwanza tarehe tano, hata kama ni kidogo, hata kama umelala chini ku nyumba ya mwenzako. Siku hiyo mtaa utajua kwamba umehama, haujatoroka.

Wazee wanasema dawa ya deni ni kulipa. Mu kilomita 300 dawa hiyo haibadiliki. Na mama aliyeuliza usiku ule, «utaachia nani?», anastahili jibu lenye jina na tarehe, mbele baba hajafunga begi.