Boti kuukuu: Kipuri kisipouzwa tena, husubiwa

Mmiliki wa boti ya mbao iliyoundwa miaka 80 au 100 iliyopita anaweza kupata mbao, misumari na rangi bila taabu kubwa. Kinachomkwamisha ni vitu vidogo vya madini: bawaba za usukani, vishikio vya kamba, fremu za madirisha ya duara. Viwanda vilivyovitengeneza vilikwisha kufungwa, na vipuri vya kisasa mara nyingi havilingani na matundu ya zamani.

Ndiyo maana baadhi ya wakarabati huamua kusubu wenyewe, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu ya mchanga.

Mfano unaofahamika ni wa Tally Ho, mashua ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1910, ambayo mwaka 1927 ilishinda mbio za Fastnet zilizoandamwa na dhoruba kali kiasi kwamba ni mashua mbili tu zilizomaliza. Ilinunuliwa mwaka 2017 ikiwa gofu na Mwingereza Leo Sampson Goolden, ikajengwa upya nchini Marekani na kurudi majini mwaka 2024. Baadhi ya sehemu zake za bronzi zilisubiwa upya kutokana na vielelezo vya mbao.

Kazi huanza na kielelezo hicho, ambacho ni umbo kamili la kipuri kilichochongwa kwa mbao. Mbavu zake huchongwa zikiwa na mteremko wa nyuzi mbili au tatu ili kiweze kung'olewa bila kuubomoa mchanga.

Wanaoanza hushawishika kutumia kipuri kilichovunjika kama kielelezo. Inawezekana, lakini bronzi husinyaa kwa takriban asilimia 1.5 inapopoa. Kipuri cha milimita 300 kitatoka kikiwa kimepungua zaidi ya milimita nne, na matundu ya skrubu hayatakutana tena na yale ya kwenye mbao. Kwa hiyo kipuri cha zamani hunenepeshwa kwanza kwa matabaka ya rangi na kuongezwa urefu, au huchongwa kielelezo kipya kilicho kikubwa kidogo.

Mchanga unaofaa ni laini, uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo sana. Kipimo chake ni cha mkono: ukiufumbata ushikamane na kubaki na alama za vidole, ukiuvunja ukatike kwa ukingo mkali bila kupukutika. Hushindiliwa katika fremu mbili zinazobebana, kielelezo kikiwa katikati. Fremu zikitenganishwa na kielelezo kutolewa, hubaki uwazi wenye sura ya kipuri. Huchimbwa pia njia ya kumiminia na shimo la akiba, ambalo hulisha kipuri madini kinaposinyaa. Bila akiba hiyo, mashimo hujificha ndani ya kipuri na huonekana siku kinapovunjika.

Swali zito zaidi ni la madini yenyewe. Bronzi iliyozoeleka kwa kazi za baharini ina shaba nyekundu asilimia 88, bati asilimia 10 na zinki asilimia mbili (bati hapa ni madini, si lile la kuezekea nyumba). Shaba ya njano, ile ya mabomba na makufuli, hung'aa vizuri na hupatikana kwa wauza chakavu, lakini ina zinki nyingi. Maji ya chumvi huinyonya zinki hiyo polepole na kuacha kitu chekundu chenye vinyweleo. Kwa macho kipuri ni kizima; nguvu hakina. Bawaba ya usukani ya namna hiyo ikikatika katikati ya mkondo, boti haina mwelekeo.

Alumini nayo ina mtego wake. Karakana nyingi za jua kali nchini Kenya na Tanzania huyeyusha alumini chakavu kutengeneza masufuria, na zina mafundi hodari. Hata hivyo, alumini huyeyuka katika nyuzijoto 660 za Selsiasi, ilhali bronzi huhitaji takriban 1,000 na humiminwa ikiwa na joto zaidi ya hilo. Tanuri na chungu cha kuyeyushia lazima viwe vya kuhimili joto hilo. Aidha, alumini ikigusana na bronzi ndani ya maji ya bahari huliwa upesi.

Hatari kubwa katika kazi hii ni maji. Tone lililonaswa chini ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600, na madini hurushwa juu kama risasi. Kwa sababu hiyo vipande vya chakavu hupashwa moto kwanza, na kazi hufanyika juu ya mchanga mkavu, kamwe si juu ya sakafu ya saruji, ambayo huficha unyevu. Moshi mweupe wa zinki nao huleta homa na kutetemeka saa kadhaa baadaye, hivyo kazi hufanyika mahali penye hewa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, vishikio vya kamba na fremu za madirisha ni mahali pazuri pa kujifunzia. Rafadha, bawaba za usukani na vali zilizo chini ya mstari wa maji ni bora mmiliki achonge kielelezo tu, kisha akipeleke kwa msubu mzoefu mwenye uhakika wa mchanganyiko wake.