Baba Akiwa Haiti, Nyumbani Mjipange

Mtu wa Muhoroni hahitaji kufundishwa kungoja. Miwa mipya hukaa shambani takriban mwaka mmoja na nusu, na siku ya kuikata haiamuliwi na mkulima peke yake bali na kiwanda pia. Huku nyuma karo na deni la mbolea havingoji.

Mke wa askari aliyetumwa ng'ambo kulinda amani huishi vivyo hivyo. Tazama mfano wa Haiti. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitoa idhini ya mwaka mmoja mnamo Oktoba 2, 2023. Polisi 400 wa kwanza kutoka Kenya walitua Port-au-Prince Juni 25, 2024, wakati mwaka huo ulikuwa umebakisha miezi mitatu tu. Septemba 30, 2024, muda ukaongezwa hadi Oktoba 2, 2025. Kikosi kilikusudiwa kuwa na watu 2,500, lakini hakikufika hata nusu, kwani kilitegemea michango ya hiari. Magenge yakazidi kutamba, na Septemba 30, 2025, Baraza likaidhinisha kikosi kikubwa zaidi cha watu 5,550 kichukue mahali pake.

Kila muda ulipoongezwa, familia nazo ziliongezewa kungoja. Haiti iko nyuma yetu kwa saa saba au nane; mtoto anapokwenda kulala, baba yuko katikati ya kazi. Na Februari 2025, Mkenya wa kwanza wa kikosi hicho alipouawa huko Artibonite, bila shaka nyumba nyingi zilikaa roho mkononi.

Kwa hivyo, kabla ya safari, mume na mke wazungumze kana kwamba muda utaongezwa. Nani ataruhusiwa kutoa pesa benki? Je, jina la mrithi limeandikwa sawasawa kazini? Miwa itasimamiwa na nani? Mama mkwe na mashemeji waelezwe mapema, wote wakiwapo, pesa zisije zikaleta ugomvi.

Watoto nao wasipewe tarehe. Ukimwambia mtoto baba atarudi Oktoba, atahesabu siku, na Oktoba ikipita atakuona mwongo. Mwambie baba atarudi kazi yake ikiisha, kisha umpe nafasi ya kuzungumza naye kwenye simu kila Jumapili.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.