Chungu cha Kila Siku na Kitamu cha Sikukuu



Mwaka 1975 redio ilitangaza kampeni ya Chakula ni Uhai. Vijijini watu walikusanyika kwa vikundi, redio ikiwa katikati. Walisikiliza somo, kisha wakajadiliana. Miaka mingi imepita, lakini somo lile halijazeeka. Leo tulirudie kwa kutazama vyungu vyetu wenyewe hapa Same, milimani na tambarare.

Neno letu ni moja tu. Chakula bora cha kila siku, na hata kitamu cha sikukuu, vinaweza kutoka kwenye mazao yetu. Tukijua kupika vizuri, hatuna sababu ya kuuza mbegu ili tupate kusherehekea.

Tunasema hivyo kwa sababu yalitupata sisi wenyewe. Desemba moja tuliuza maharage tuliyokuwa tumeyaweka kwa mbegu. Tukanunua soda, unga wa ngano na mafuta. Sikukuu ikaisha kwa siku moja. Mvua za masika zilipoanza mwezi Machi, hatukuwa na kitu cha kupanda. Tukaenda kununua maharage kwa bei kubwa kuliko ile tuliyouzia. Watoto wakanywa uji mtupu mpaka mavuno. Kumbe sikukuu ile tuliilipa mara mbili!

Makande ya kila siku

Nani kwetu Upareni hajui makande? Wengine huyaita pure. Kule Kenya Wakikuyu wana chakula kama hicho, wanakiita githeri. Mtu asiseme makande ni chakula cha maskini. Mahindi yanatia nguvu, maharage yanajenga mwili. Yakiwa pamoja, kila kimoja kinaziba upungufu wa mwenzake.

Kwa watu sita, tafuta vitu hivi:

Mahindi yaliyokobolewa, vikombe 3.
Maharage, vikombe 2.
Kitunguu 1 na nyanya 3.
Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kikombe 1. Maziwa pia yanafaa.
Chumvi kiasi.

Fanya hivi:

1. Jioni, chambua mahindi na maharage. Yaoshe, kisha yaloweke kila kimoja peke yake mpaka asubuhi.
2. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea. Weka mahindi na maharage kwenye chungu au sufuria, tia maji mapya yapite juu kwa vidole vinne.
3. Moto uwe mkali mpaka yachemke, na yaendelee kutokota kwa nguvu si chini ya dakika 10. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayotapisha na kuumiza tumbo. Kuchemka kwa nguvu ndiko kunakoiondoa.
4. Punguza moto, funika, acha yaive taratibu. Ongeza maji ya moto yakipungua.
5. Yakishalainika, tia chumvi, kitunguu na nyanya. Koroga karanga kwa maji kidogo, mimina, acha zichemke dakika 15 huku ukikoroga zisishike chini.

Wengi wetu tunatia magadi ili yaive upesi. Ni kweli yanalainisha, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini. Kuloweka usiku kucha kunafanya kazi hiyo hiyo bila hasara.

Pembeni ya makande weka mchicha, majani ya kunde au majani ya maboga. Yaoshe kabla ya kuyakata, na usiyapike mpaka yabadilike rangi. Kula na chungwa au nyanya mbichi iliyooshwa, maana matunda hayo yanasaidia mwili kupata madini ya chuma, yale yanayoongeza damu. Chai ya majani inyweni baadaye, kama saa moja baada ya kula. Ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini hayo. Mama mjamzito na watoto wadogo wakumbukwe hasa katika jambo hili.

Kuni nazo tuzihurumie

Makande yanakula kuni nyingi. Na kuni zinatoka wapi? Msitu wa Chome, kwenye mlima wa Shengena, ni hifadhi, nao unatutunzia maji ya mito. Tukiumaliza, hata huku chini tambarare tutaumia.

Basi, tuna njia rahisi. Chukua kapu kubwa, lijaze majani makavu ya migomba, acha shimo katikati. Makande yakishachemka saa moja, funika sufuria vizuri, iweke ndani ya kapu ingali inatokota. Juu yake weka majani mengine na blanketi kuukuu. Acha saa tatu, nenda shambani. Ukirudi utakuta yamelainika. Yarudishe motoni yachemke tena, kisha ndipo uunge na kula.

Onyo kuhusu ukungu

Mahindi au karanga zenye ukungu tusizile, hata kidogo. Ukungu huo unaweza kuleta sumukuvu. Kuosha hakuiondoi, kupika hakuiui. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tukaushe mahindi juu ya turubai au mkeka, siyo juu ya udongo. Tuyahifadhi yakiwa makavu kabisa, mahali pasipovuja. Yaliyooza tusiwape kuku wala tusiyapeleke kwenye pombe. Tuyafukie.

Vitumbua vya sikukuu

Iwe Idi, Krismasi, au siku ya kumpokea mgeni, vitumbua vinapendeza. Mchele tunao, maana mpunga unalimwa hapa hapa wilayani, kwenye skimu ya Ndungu.

Tafuta: mchele vikombe 2, maziwa kikombe 1, sukari nusu kikombe, hamira kijiko kidogo 1, iliki kidogo, na mafuta ya kupikia.

1. Loweka mchele usiku kucha. Asubuhi uchuje, uutwange kwenye kinu, uuchekeche upate unga laini.
2. Chukua vijiko vikubwa 3 vya unga huo, upikie uji mzito kwa kikombe 1 cha maji. Acha upoe uwe vuguvugu. Uji huu ndio unaoshikamanisha vitumbua.
3. Chemsha maziwa, yapoe nayo yawe vuguvugu. Changanya unga, uji, sukari, hamira na iliki. Tia maziwa kidogo kidogo mpaka upate rojo zito la kumiminika.
4. Funika, weka mahali penye joto kama saa moja mpaka liumuke.
5. Pasha kikaango cha vitumbua, tia mafuta kijiko kidogo kwa kila shimo, mimina rojo. Upande mmoja ukiwa mwekundu, geuza. Ukikosa kikaango hicho, kikaango kidogo cha kawaida kinatosha.

Kinywaji cha tangawizi

Tangawizi ya Mamba Miamba inasafiri kwenda masoko ya mbali. Nasi tuinywe! Chukua vipande vikubwa 3, vioshe, vitwange. Chemsha kwenye maji lita 3 kwa dakika 10. Acha ipoe, chuja kwa kitambaa safi. Tia sukari kikombe 1 na maji ya ndimu 4. Ikiwa kali sana, ongeza maji yaliyochemshwa. Inywewe siku hiyo hiyo. Watoto wataifurahia kama soda.

Wenzetu, hatusemi soda ni haramu, wala ngano isinunuliwe. Tunasema mbegu ya masika isiguswe. Baba na mama wakae pamoja mapema, wapime maharage ya kula, ya kuuza na ya kupanda. Kazi ya kupanga chakula siyo ya mama peke yake. Kinu nacho hakimchagui mtu!

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini tunaloweka maharage na kumwaga maji yake?
2. Kapu la majani ya migomba linaokoa nini?
3. Mahindi yenye ukungu tuyafanyeje?
4. Nyumbani kwako, mbegu za masika ziko wapi leo?